Jina la Tatu

Ile orodha niliisoma mimi. Siku hizi kuna wanaosema upepo ulikuwa umechana karatasi, na wengine eti afisa alikuwa na chuki na watu wa kwetu. Uongo mtupu. Karatasi ilikuwa nzima, imepigwa taipu vizuri, imebandikwa ubaoni nje ya ofisi ya wilaya. Aliyeisoma kwa sauti mbele ya mashabiki wote ni mimi, mwalimu wa darasa la tano, niliyejiona ndiye macho ya Isiolo nzima.

Ilikuwa kabla ya ule ukame wa themanini na nne. Timu ya mkoa ilikuwa inatafuta wachezaji, na afisa wa michezo alikuja kutoka Embu, makao makuu ya mkoa, akakaa siku mbili kwenye kiti kando ya uwanja wetu wa vumbi. Kila mchezaji aliyemvutia alimwita, akamwuliza majina yake matatu, akayaandika kwenye faili. Sisi tumaini letu lilikuwa moja tu, winga wetu wa kushoto. Mchana alipakia mbuzi kwenye malori pale soko la mifugo. Jioni aliwatesa mabeki mpaka unawahurumia. Alikuwa jirani yangu na rafiki yangu. Mjomba wake alikuwa akimtaka Merti akachunge ngamia, naye akamwomba angoje kwanza orodha itoke. Jina likiwemo, anakwenda Embu. Lisipokuwemo, anapanda lori la Merti, na mpira basi.

Orodha ikatoka Jumanne. Nilipofika watu walikuwa wameshajazana, wengi wao hawajui kusoma, wakanipisha.

"Mwalimu, soma! Soma kwa nguvu!"

Kutoka wilaya yetu yalikuwa majina sita. Matano tuliyajua, maana yalikuwa ya askari na watumishi wa serikali, watu tuliozoea kuwaita kwa jina la mwisho. La tatu likatushinda. Lilikuwa jina la kizee, hakuna kijana yeyote uwanjani aliyeitwa hivyo, na baada yake, kama kwa yale mengine, kulikuwa na herufi mbili kubwa na nukta zake. Nikalisoma jina, herufi nikaziruka. Nikafika la sita. Winga wetu hakuwemo.

"Huyu wa tatu ni nani?" mtu akauliza.

"Ametolewa Garbatulla huyo," nikasema. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilisema tu kwa sababu mwalimu akiulizwa lazima ajibu.

Basi moto ukawaka.

"Hiyo mzee ya Garbatulla inajua mpira gani?"

"Wamekula hongo, wallahi!"

Mmoja akatunga wimbo palepale, akalitia jina lile ndani yake pamoja na kila uchafu, na sisi tukaitikia kwa makofi. Mimi niliitikia kuliko wote.

Mama yake winga alikuwa pembeni na dumu lake la maziwa. Niliposoma jina la tatu nilimwona akivuta ushungi, akafunika uso na kuinama. Nikadhani ni huzuni. Makelele yalipopungua kidogo alinijia.

"Mwalimu, soma tena hiyo ya tatu."

Nikasoma. Akafunika uso tena.

"Una hakika kijana yangu hayuko?"

"Hayuko, mama. Nimesoma mara mbili."

Alinitazama midomo kwa muda, kana kwamba bado kuna neno sijalitoa. Kisha akainua dumu lake akaenda.

Rafiki yangu nilimkuta sokoni ameshika beberu kwa pembe. Nikamwambia. Hakuuliza orodha imeandikwaje. Angeuliza nini, na mimi ndiye mwalimu? "Sawa," alisema, "angalau sasa najua." Jioni ile alileta viatu vyake vya mpira mlangoni kwangu, akasema nimpe mtoto yeyote wa shule ambaye vitamtosha. Kesho yake akapanda lori.

Jumamosi gari la serikali likaja kuwachukua waliochaguliwa. Afisa akaita majina. Lile la tatu akaliita mara tatu, kimya. Watu wakacheka, wakauanza ule wimbo. Afisa akafungua faili, akasoma kwa ukamilifu: jina la winga wetu, jina la baba yake, na mwisho lile jina la kizee. Wimbo ukafa midomoni. Zile herufi mbili ndizo zilizokuwa yeye na baba yake, na yule tuliyekuwa tukimtukana siku nne ni babu yake, marehemu.

Merti si jirani, na malishoni huko hakuna simu. Afisa alingoja saa moja, kisha akamchukua beki mmoja aliyekuwa amekuja tu kuwaaga wenzake.

Kinachonichoma ni kwamba rejista ya darasa langu niliiandika hivyo hivyo kila Januari, jina la babu kwanza, kama ofisi ilivyotaka. Watoto niliwaita kwa majina ya babu zao wakaitika.

Nilikwenda kwa mama yake nikiwa nimeshapanga maneno ya kujitetea. Alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi. Hakuningoja nimalize salamu.

"Mimi nilijua hiyo siku," akasema. "Hiyo jina ni ya baba ya bwana yangu."

Kwetu mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina, na akilisikia hufunika uso. Nimelelewa ndani ya mila hiyo. Mama yangu mwenyewe nimemwona akifanya hivyo mara ngapi! Na yule mama alifunika uso mara mbili mbele ya macho yangu.

"Sasa kwa nini hukusema, mama?" Nilimwuliza kwa ukali, kama kwamba kosa ni lake. Mungu anisamehe.

Hakukasirika. Aligeuza kibuyu, akakirudisha juu ya moshi.

"Kutaja siwezi. Na nyinyi mlikuwa mnaimba. Nikafikiri, wewe umesoma. Kama ingekuwa ni kijana yangu, mwalimu angejua."