Dimbwi la Nyuma ya Tanuru

Sisi tuliokulia Ifakara miaka ya hamsini hatukusafiri kwenda kutazama wanyama. Wajukuu zangu wanamjua sheshe kwa picha ya simu, tena wanamwita swala tu, kisha wanasogeza kidole kwenye picha nyingine. Mimi sheshe nilimwona akinywa maji hatua chache kutoka jikoni kwetu, na aliyemwekea maji hayo ni baba yangu.

Baba alikuwa fundi matofali. Udongo wa kujengea shule ulichimbwa nyuma ya tanuru letu, likabaki shimo kubwa. Masika yakaja, Mto Lumemo ukafurika, na maji yalipopungua shimo likabaki na perege na kambale. Watu walitegemea Baba alifukie. Yeye alipanda matete upande mmoja, akachomeka vijiti vya mkuyu upande wa pili, na kiangazi akarundika udongo katikati uwe kisiwa cha ndege. Hakuruhusu mtu avue. Walimcheka sana, eti mtu mzima anafuga vyura!

Mama alikuwa ameshafariki, kaka zangu walikuwa bweni Mahenge, na nyumba yetu ilisimama peke yake kwa sababu ya moshi wa tanuru. Shuleni wasichana walisema nanuka moshi. Walipocheza rede, mimi sikuitwa. Basi wenzangu walikuwa wale wa dimbwini: ndege minana waliogombana kwenye matete mchana kutwa, mdiria aliyekaa tawi lile lile kila asubuhi, na sheshe jike aliyekuja umande haujakauka. Huyo nilimwamkia shikamoo, maana Baba akishaondoka sikuwa na mwingine wa kumwamkia. Leo nacheka nikikumbuka, ila wakati ule nilikuwa mpweke kweli.

Mwisho wa kiangazi, madimbwi yakinywea, wanawake na wasichana wa kwetu waliingia na matenga, wakapanga mstari na kuvuruga tope hadi samaki waibuke. Lakini dimbwi lenye mwenyewe halikuingiwa mpaka mtu wa nyumba hiyo atangulie kukanyaga maji. Mwaka mmoja Adelina, msichana aliyepanga nani acheze rede na nani asicheze, alinifuata njiani akanishika mkono. Hakuna msichana aliyewahi kunishika mkono.

"Matilda, kwenu si kuna samaki? Twende wote basi. Utangulie wewe."

Baba alikuwa amekwenda Kiberege kupeleka matofali. Nikatangulia.

Tuliimba, tukarushiana matope, nikacheka hadi mbavu zikauma. Nitasema kweli, sikuwahi kuwa na siku ya furaha kama ile katika utoto wangu wote. Jua lilipoinama matete yalikuwa yamelala, mayai ya ndege yamekanyagwa pale kisiwani, na wenzangu wameshaondoka na matenga yaliyojaa. Hawakuniaga.

Baba akarudi, akasimama ukingoni na vumbi lake la safari.

"Nani alitangulia?"

"Mimi, Baba."

"Basi hakuna aliyetuibia, mwanangu," akasema, akaingia ndani, akalala bila kula. Heri angenichapa.

Kesho yake rede ilichezwa kama kawaida, na mimi sikuitwa. Mvua zilileta samaki wengine, na minana nao wakarudi. Sheshe hakurudi. Baba aliendelea kuamka mapema kwenda kutazama ukingo ule, nami nikiwa kitandani najifanya sijaamka.

Siku hizi dimbwi limefukiwa, na nyumba za bati zimebanana juu yake, yetu ikiwa mojawapo. Wasichana wa leo wana marafiki tele kwenye simu, na bado nawasikia wakilia peke yao vyumbani. Ningewacheka, ila mimi nilitoa dimbwi zima kwa sababu ya kushikwa mkono. Kila masika maji hurudi pale pale, yakatuama uani, na vyura wakaanza kelele zao. Majirani hulalamika. Mimi huvuta kigoda mlangoni nikasikiliza.

Wajukuu hunishika mkono wakinivuta. "Bibi, vuka tu, hayafiki hata magotini!"

Nawaambia watangulie wao.