Gesi ya Mbinguni Yafika Butiama

Nilifunga safari kwa sababu baba alikataa kunibariki. Nilikuwa nimepata nafasi ng'ambo ya kusomea makundi ya galaksi na gesi ya moto inayojaa kati ya galaksi hizo. Baba akanijibu kwa simu: "Kazi nisiyoweza kuwaeleza majirani siibariki." Na mimi kuondoka bila baraka yake, moyo ulikataa kabisa.

Asubuhi nikatoka Iringo, pale Musoma mjini, nikaipita Kiabakari hadi Bunda kumchukua shangazi, dada mkubwa wa baba. Yeye ni mkulima wa pamba, na kwake baba hafurukuti.

"Baba yako anakuwaga mbishi tangu mtoto," alisema akijifunga kitenge. "Twende. Ila kueleza utaeleza mwenyewe."

Mchana tukafika Butiama, nyumbani kwa baba, tukakuta ugali umeshaiva. Nikaona mfano huo hapo. "Baba, gesi yenyewe ni kama huu ugali. Ina joto la mamilioni ya nyuzi, halafu inaanza kupoa katikati."

Mikono yote ikasimama. Kwetu mtu humega pembeni, maana katikati kunaunguza. Shangazi akachomeka kidole katikati, akakirudisha mbio. "Mwanangu, huo ugali wa wapi?" Wakacheka mpaka baba akapaliwa. Nami nikacheka.

Nikauacha mfano wa ugali. Nikaeleza kwamba katikati ya kundi gesi imesongamana, chembe zake zinagongana sana na kutoa mionzi mingi ya eksirei, na kwa kutoa huko joto lake hupungua upesi kuliko pembeni.

"Haya," baba akasema. "Tena kwenye simu ulisema mnapima uzito wa makundi hayo. Kwa mizani ipi?"

"Gesi ya moto hivyo ingeshatawanyika, baba. Inashikwa na mvuto wa kundi zima. Tukijua joto lake, tunajua uzito unaoishika. Na sehemu kubwa ya uzito huo haionekani kwa macho."

Baba akamega taratibu. "Kumbe. Fahali mkali akibaki zizini usiku, uzio huuoni, ila unajuaga ni imara."

"Hapo hapo, baba!"

Kesho yake baba akajaza maji mdomoni, akanipulizia kifuani kama wazee wetu wafanyavyo wakibariki, kisha akafanya ishara ya msalaba. Jirani aliyekuwa akipita na ng'ombe akauliza binti anakwenda kusomea nini. Nikafungua mdomo.

"Nyamaza," baba akasema. "Naeleza mimi."

Ng'ombe wa jirani walichelewa kufika malishoni. Nilirudi Musoma nikiwa nimeelewa kwamba baba hakuipinga safari yangu hata kidogo. Alitaka tu awe na la kusema, watu watakapomuuliza niko wapi.