Mama Kapinga na mfupa wa kiuno

Mimi ni muuguzi hapa Kolwezi, na Kifaransa changu hunitia majivuno. Juzi nilimfasiria daktari mpasuaji mbele ya Tata Ilunga, mchimbaji aliyevunjwa taya shimo lilipoporomoka, na mkewe, Mama Kapinga. Baada ya ajali ile wachimbaji wote walifukuzwa kazini na kwenye nyumba zao, na familia ya Tata Ilunga sasa inalala kanisani, katika mtaa wa Kapata.

Nikatangaza, "Tutakamata mufupa ku kiuno, tutengeneze taya. Ikipona, tutapanda meno mupya na misumari mu ule mufupa."

"Kiuno ya upande gani?" Mama Kapinga akauliza.

"Ya kuume, mama."

Akainamisha kichwa. Nilidhani anaomba.

Asubuhi ya upasuaji tulimkuta amelala kitandani kando ya mumewe, ameoga, hajala kitu.

"Docteur, mi niko tayari," akasema. "Mukate, lakini muniachie nguvu ya kubeba batoto."

Tata Ilunga, asiyeweza kufungua kinywa, alimshika mkono akitikisa kichwa kukataa, machozi yakimtiririka.

Nilipomfasiria, daktari akanigeukia taratibu. "Hukuwaambia kwamba mfupa unatoka kwa mgonjwa mwenyewe?"

Wote watatu wakanitazama. Sikuwa nimewaambia.