Maneno Hayachachi

Popote alipopita Melkiori, watu walimdai sentensi moja. Pale stendi ya Singida mjini, hata msikitini na kanisani watu walipokuwa wakitoka, lazima atokee mtu wa kumshika mkono: "Bwana Kupe, tuambie basi ile yako." Naye anacheka, anakohoa kidogo, anavuta shuka isiyokuwepo begani, anasema: "Kunywa kwanza. Maziwa huchacha, maneno hayachachi." Watu hoi. Hakuna aliyejua kwamba kila akiisema, moyo unamsuta, maana sentensi ile haikuwa yake. Aliichukua kinywani mwa mtu, na mwenyewe akaacha kuisema.

Mwenyewe ni mjomba wake, Mughwai wa Mungaa. Baba yake Melkiori alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na mjomba akamrudisha nyumbani dada yake, Felista, na kichanga chake. Akawapa ng'ombe anayekamuliwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyomkuza Melkiori, usimwone vile.

Mughwai alikuwa na ng'ombe wengi kidogo, wengine kawawekesha kwa majirani wasio na mifugo, wapate maziwa na samadi. Mtu akifika kwake, awe na shida, awe na ugomvi, awe mpita njia tu, hakuulizwa neno. Mzee alichukua kibuyu, akakifuta mdomo kwa kiganja, akakohoa, akavuta shuka bega la kushoto. "Kunywa kwanza. Maziwa huchacha, maneno hayachachi." Mtu akishakunywa, nusu ya ugomvi imeisha. Nimewasikia wazee wakisema kesi nyingi za Mungaa ziliishia kwenye kibuyu kile.

Sasa huyu Melkiori alizaliwa na kipaji. Alimwiga katekista, akamwiga karani wa mnada, akamwiga mama yake mwenyewe akigombana na kuku. Hakuhitaji nguo wala rangi usoni. Akishusha mabega tu, ni bibi kizee, akiyapandisha, ni askari wa Mjerumani. Baada ya Azimio la Arusha mwalimu wa shule, Mathayo, alipotunga mchezo wa Bwana Kupe mnyonyaji, hakutafuta mtu mwingine.

Walicheza Sabasaba, uwanja wa shule, mchana kweupe. Mjomba alikuja na kigoda chake, kavaa koti la kanisani, akakaa mbele kabisa. Alikuwa amewaambia majirani wote: mpwa wangu leo atacheza, njooni.

Mchezo ulianza kwa kupooza. Kibarua maskini anadai ujira wake, Bwana Kupe anamjibu kama mwalimu alivyoandika: "Toka hapa, mvivu wee!" Watu wanapiga miayo. Melkiori akaona aibu inamjia. Kibarua alipodai tena, basi mkono ukaenda wenyewe kwenye kibuyu cha mchezo. Akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja. Akakohoa. Akavuta shuka. "Kunywa kwanza. Maziwa huchacha, maneno hayachachi."

Uwanja mzima ulilipuka. Mughwai naye alicheka, tena kwa sauti, kwa kuwa alifurahi kusikia maneno yake kwa kijana wake. Kisha jirani mmoja akageuka kumtazama, na wa pili, na safu nzima. Mzee akaacha kucheka. Melkiori alimwona vizuri kutoka pale mbele. Aliuona uso ule ukielewa.

Hapo angeweza kunyamaza. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, wanapaza sauti, "Rudia! Rudia!" Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akarudia. Mara ya kwanza ilimponyoka, hilo Mungu anajua. Mara ya pili aliisema kwa kusudi, huku anamtazama mjomba.

Alipomaliza, kigoda hakikuwa na mtu.

Baada ya hapo sifa zikambeba. Kikundi cha utamaduni cha mkoa kikamchukua, kisha Dar es Salaam, kisha michezo ya redio, ambako alikuwa sauti ya mlevi, ya mganga na ya mke wa mganga katika kipindi kimoja. Aliahidi kila mwaka kwenda kumwomba mjomba radhi. Na kila mwaka kulikuwa na mazoezi. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Yeye aliyapata hana hata mtoto. Kisha wakamwita kwenye filamu, na walitaka Bwana Kupe yule yule, na kibuyu chake. Alikubali, mjinga yule. Alijiambia filamu haitafika Mungaa.

Ilifika. Gari la sinema lilitundika shuka kwenye ukuta wa shule, na kijiji kizima kikamwona Mughwai mkubwa kama nyumba. Mama yake ndiye aliyemsimulia, alipokwenda kumtembelea mjini: "Mjomba wako ana maziwa mpaka yanamwagwa. Nani ataenda kunywa kwa mnyonyaji? Na asiyeogopa, anashindwa kujizuia kucheka."

Hapo ndipo Melkiori alipopanda basi. Ilikuwa baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na Mughwai alikuwa ameacha tembe lake, anakaa kwenye mstari wa nyumba mpya kandokando ya barabara.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekonda."

Mzee akainuka kwa shida, akaleta kibuyu. Akakifuta mdomo kwa kiganja. Akakohoa. Akavuta shuka. Melkiori akangoja, roho juu. Neno lile tu. Akilisikia, atajua kasamehewa, atapiga magoti aseme yote. Mzee akamkabidhi kibuyu na kuketi.

"Mjomba, mbona husemi?"

"Niseme nini?"

"Yale maneno yako."

Mughwai alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Melkiori zaidi.

"Nilijaribu, mwaka juzi. Watoto wakaniambia namwiga Melkiori wa sinema." Akatazama barabarani. "Wakasema siwezi."

Melkiori, aliyejua kulia kwa kuamriwa, alilia bila kuamriwa. "Nisamehe, mjomba. Ni ya kwako."

"Nimekusamehe zamani, wewe ni mtoto wangu. Lakini kusamehe hakunirudishii." Akasukuma kibuyu. "Kunywa, yatachacha."

Akaishia hapo. Nusu ya pili hakuisema.

Mzee alifariki masika yaliyofuata. Melkiori aliacha redio, akarudi Mungaa kwa mama yake na ng'ombe wachache waliobaki. Wageni wanafika kutoka mbali, wengine kumwona Bwana Kupe kwa macho yao. Anawapa kibuyu. Wanakipokea, wanamtazama mdomoni, wanasubiri, tabasamu liko tayari. Yeye anaketi.

Wakiondoka wanaambiana njiani kwamba masikini, kazeeka, ameisahau.