Daktari Aliyetoka Semina

Jumanne iliyopita nilikaa kwenye benchi la zahanati binafsi hapa Tukuyu, mojawapo ya hizi ambazo serikali imeziruhusu juzi juzi tu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na mvua ilinyesha polepole hata nikaanza kusinzia. Dada yangu alikuwa ndani anajifungua. Kilichotutenganisha ni ukuta wa mbao.

Mara nikamsikia mkunga, mama mtu mzima wa kijiji cha Kyimo: "Kichwa kimetoka, mabega yamekwama!"

Daktari alikuwa amerudi jana yake kutoka semina ya chama cha madaktari wa uzazi wa Afrika Mashariki. Akasema kwa utulivu, "Mgeuzeni. Apige magoti, aegemee mikono."

Kitanda kikalia. Nikasimama, nikatega sikio kwenye mbao. Ndipo mtoto akalia.

"Ndaga, Mungu wangu," mkunga akashukuru. "Umejifunza wapi hiyo, daktari?"

"Semina, mama. Ni njia mpya."

"Mpya? Bibi yangu alizalisha hivyo hivyo. Ninyi ndio mliotuambia mzazi alale chali."

Baadaye nilipoitwa kumwona dada, niliwakuta wawili hao dirishani. Daktari alikuwa amefungua daftari lake la semina. "Hebu nionyeshe bibi alivyokuwa akiweka mikono," alisema. Mkunga akafumba macho, akaanza kuichezesha mikono hewani taratibu, kama anayepokea kitu akiwa usingizini, na daktari akaandika.

Sijui kama chama kile hupokea wanachama kutoka Kyimo. Najua tu kwamba semina ilikuwa bado haijaisha.