Mikaratusi Iliyonyooka

Nilimwahidi mama mdogo kwamba nitamweleza kwa nini mikaratusi yake inageuka rangi ya shaba, naye akakubali kutokata hata mmoja hadi nimpe jibu. Alikuwa ameipanda nyuma ya boma lake huko Rongo ili imjengee nyumba mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeinamia upande wa mlango, na kila mvua ilipokaribia aliihamisha meza.

Nilikuwa nimesomea misitu chuoni, na ahadi hiyo iliniondolea utulivu. Wadudu niliwaona upesi: wadogo, bapa, wamejibana chini ya majani wakiyafyonza maji yake. Kilichonisumbua ni miti mitatu iliyosimama katikati ya ile iliyougua ikiwa na majani ya kijani kibichi. Majirani waliulaumu moshi wa kukaushia tumbaku. Nikaenda hadi Rusinga kwa nyanya, ambaye alipanda miche ya mbegu za mama mdogo mahali pasipo na tumbaku. Miti yake nayo ilikuwa ya shaba.

Niliporudi Rongo nilianza kuponda majani kwa vidole na kuyanusa, mti baada ya mti. Mwana mkubwa wa mama mdogo alinitazama kutoka mlangoni mwa jiko.

“Omera, ndugu yangu,” akasema, “hata mbuzi huamua upesi kuliko wewe.”

Nilijua harufu haitoshi. Mafuta ya jani yanayomfukuza mdudu mmoja huweza kumwita mwingine, na pua ya binadamu haitofautishi. Kwa hiyo nilifunga matawi ndani ya vipande vya neti, mengine ya mti mgonjwa, mengine ya mti mzima, nikatia wadudu wale wale kotekote. Kwenye mti mgonjwa walizaana. Kwenye mti mzima walitangatanga, wakaacha kula, wakafa. Kinga ilikuwa ndani ya jani lenyewe.

Lakini miti hiyo mitatu ilikuwa mifupi na imepinda. Nilishuku kwamba nguvu ambazo mingine ilizitumia kurefuka, hii mitatu ilizitumia kutia majani yake uchungu unaowafukuza wadudu. Ile iliyonyooka, ambayo mama mdogo aliichuma mbegu na kuwagawia ndugu, ndiyo iliyokuwa ikifa. Na mnunuzi wa kuni alikuwa ameshaiomba hiyo mitatu, kwa kuwa haifai kujengea.

Nilimweleza yote. Akauliza jambo moja tu.

“Nikingoja, iliyonyooka itapona?”

“Sijui, Mama. Nadhani itazidi kukauka.”

“Basi ikatwe ingali na nguvu. Nyumba itakuwa ndogo, mwanangu. Hiyo iliyopinda, mwambie yule mtu haiuzwi.”

Nyumba ilisimama, nyembamba kuliko alivyoitamani. Mimi bado sijatulia. Siwezi kumhakikishia kwamba mbegu za miti iliyopinda zitatoa miti itakayobeba paa, wala kwamba mitatu inatosha kuanzia. Huenda mahali fulani, Suna au Mbita, upo mmoja ulionyooka na wenye jani chungu, na mwenyewe anaunolea panga sasa hivi kwa sababu jirani zake wote wamekata.

Ukiwa na mkaratusi uliobaki kijani kati ya iliyougua, nakuomba usiukate kabla hujachuma mbegu zake.