Pasipoti Mfukoni mwa Baba

Juzi, kwenye hoteli ya chai karibu na stendi ya Mbulu, binti mmoja alimweleza baba yake aliyetoka kijijini Masieda mpango wake: kuvuna matunda katika nchi moja ya ng'ambo kwa msimu mmoja, kisha kuzunguka nchi hiyo kwa gari la kukodi.

"Nani ataendesha?"

"Mimi, baba."

Mzee akachukua pasipoti ya binti iliyokuwa mezani, akaitia mfukoni mwa koti. Sote tuliokaa meza za jirani tuliacha kunywa. Binti alibaki amenyoosha mkono.

"Baba, naomba."

Mzee alitazama chai yake mpaka ikapoa. Hatimaye akairudisha pasipoti, polepole.

"Nenda. Lakini mama yako umwambie mwenyewe. Mimi siwezi."

Binti aliipokea, na hapo ndipo uso ulipomshuka kweli. Kumbe muda wote tulikuwa tunamwogopa mzazi asiye mkali.